Msomaji Anafungwa Ijumaa

Jumatatu, 14 Oktoba

Programu ninayosomea habari itafungwa Ijumaa. Taarifa hiyo imetolewa na kampuni yenyewe, kwa barua pepe, leo alfajiri. Sababu haikutajwa. Wameshukuru kwa miaka tuliyokuwa pamoja. Wameweka picha ya puto.

Hali ilivyo. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kituo cha basi, nasoma Taarifa ya Asubuhi kwenye kundi la simu la Wakongo wa Louisville, Columbus na Buffalo. Sauti yangu, dakika saba, bila muziki. Barabara ya Uvira, bei ya maharage Bukavu, meli za ziwani, mpira. Kwetu nilikuwa mwandishi wa redio. Hapa Beechmont, mtaa wa Louisville, mimi ni mtu wa mkanda wa sita katika ghala la vifurushi karibu na uwanja wa ndege. Mkanda wa sita haujui kwamba niliwahi kumhoji gavana mpaka akaomba maji. Taarifa inajua. Siku nikiikosa Taarifa, nitabaki na mkanda.

Wasikilizaji wanaamini nina waandishi kila wilaya. Sijasema hivyo. Husema "vyanzo vyangu", kisha nanyamaza kidogo. Chanzo ni kimoja na kiko mfukoni: programu inayokusanya habari za tovuti nyingi na kuzipanga, mpya juu, ya zamani chini. Nazisoma kwenye mapumziko ya kazi.

Mpinzani ni Hyacinthe wa Kenmore, kaskazini ya Buffalo. Anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea. Ana sauti ya tangazo la mafuta ya kupikia. Mara mbili amependekeza Taarifa isomwe kwa zamu. Mara mbili nimesema hoja imepokelewa.

Mchana nimempigia Nyamweya, Mkenya wa Columbus aliyekuja kusoma akaishia kwenye kompyuta za benki. Amesema kitu ninachotafuta kinaitwa "feed reader", viko vingi, lakini kizuri ni kile kinachoendana na mazoea ya mtu. Akauliza mazoea yangu. Nikamweleza: kila siku, simu moja, ghala lisiloshika mtandao, mapumziko mafupi, miguu inauma.

"Mzee, uliza tu watu wako wanatumia gani," amesema. "Hiyo ni story ya group."

Nimeuliza. Kwanza nimetafsiri. Redioni hatukuchukua neno la kigeni iwapo letu lipo, na sitaanza leo kwa sababu ya kuishi Kentucky. Feed ni lishe. Reader ni msomaji. Upatanisho nao nimeulinda: msomaji ni wa ngeli ya watu, hata akiwa mashine. Ujumbe wote ni huu:

"Natafuta msomaji wa lishe ya kila siku. Awe wa bure. Asiwe na matangazo. Aweze kufanya kazi hata pasipo mtandao. Aliyekuwepo anafungwa Ijumaa. Bulonza."

Sentensi tano na jina. Mwanafunzi wa darasa la nne angeelewa.

Majibu hadi jioni: hakuna. Kundi hili halinyamazi hata kwenye msiba. Ajabu!

Jumanne, 15 Oktoba

Mama Cikuru amepiga simu asubuhi. Ni mwenyekiti wa umoja wetu wa miji mitatu, anakaa Reynoldsburg, kando ya Columbus, ana saluni. Kwa kawaida huongea juu ya kelele za mashine za kukaushia nywele. Leo ameongea taratibu, kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala, akiniita kwa jina la mwanangu, kama kawaida.

"Bon, Papa Gloire. Tumesoma message yako. Tuko pamoja na weye."

Nimemshukuru. Ameuliza kama mke wangu anajua. Nimesema nilimwonyesha barua jana hiyohiyo.

"Na ni ya miaka ngapi?"

Nimehesabu tangu nilipoiweka kwenye simu. Nimesema mitano. Nimesikia mashine ya nywele ikizimwa. Kisha amesema mitano ni mingi. Nimekubali: mtu huzoea. Amesema nina roho ngumu. Nimesema ni kazi ya habari iliyonizoeza. Ameahidi jambo litazungumzwa kwenye mkutano wa Jumamosi. Sikujua kwamba umoja unajali kiasi hiki vifaa vya kazi. Nimefurahi.

Kazini, Bagula wa mkanda wa tano ameniuliza kama kabati langu la nguo limeshaahidiwa mtu. Nimemwambia hapana. Amesema basi yeye ndiye wa kwanza. Nimemwambia sawa, bila kuelewa. Kifurushi kilikuwa kinakuja.

Kwenye mapumziko nimejaribu programu ya kwanza. Rangi nzuri. Inadai kwamba inamjifunza msomaji. Nimefungua habari moja ya mbuzi walioibwa huko Walungu. Hadi mwisho wa mapumziko ilikuwa imenijifunza: mbuzi wa Uhispania, mbuzi aliyepanda paa, supu ya mbuzi hatua kwa hatua. Bukavu haimo. Nimeifuta.

Jioni mlango umegongwa. Ni Dionizi, jirani wa jengo la pili, anaosha vyombo hotelini. Amevaa shati la kuendea harusi. Amesema amekuja kwa ajili ya ile nafasi. Nafasi gani? Ya msomaji. Kabla sijajibu amechukua mfuko wa mchele mezani akausoma wote kwa sauti, pamoja na anwani ya kiwanda. Anasoma vizuri, ila hapumziki kwenye vituo. Kisha ameuliza kuhusu ile lishe ya kila siku: ni chakula cha jioni peke yake au na cha mchana?

Nimemwambia kuna kutoelewana. Précieuse, mke wangu, alikuwa ameshamwekea sahani. Sombe ya majani ya muhogo, samaki, fufu. Amekula, ameshukuru, amesema atarudi kesho kwa jaribio la pili.

Jumatano, 16 Oktoba

Siku ya zawadi. Mama mmoja nisiyemjua ameniletea soksi nyeupe nene, jozi sita. Amesema kule kuna baridi. Kule wapi? Ameniambia nisijikaze mbele yake, kaka yake naye alipitia. Bagula ameleta viatu visivyo na kamba. Amesema kamba wanazitoa mlangoni, bora nianze kuzoea. Vinanitosha. Nimevivaa kazini. Ni vyepesi.

Saa kumi alasiri amekuja Mchungaji Ruta, mtumishi wa kanisa letu. Amesoma habari za mitume waliofungwa minyororo, ameomba kwa muda mrefu, amenishika kichwa. Nilidhani ni kwa ajili ya mgongo wangu. Nilisema amina.

Baada ya yeye kuondoka, Hyacinthe ametuma sauti kwenye kundi. Ameiga huzuni vizuri. Amesema kwa unyenyekevu yuko tayari kusoma Taarifa ya Asubuhi kuanzia Ijumaa, kwa muda wote ambao kaka yetu Bulonza atakuwa kule. Mikono ya kupiga makofi imejaa ukurasa mzima.

Nimemuuliza Précieuse kule ni wapi. Amefunga bomba la maji. Amenitazama jinsi anavyomtazama Gloire akileta alama za hesabu.

"Papa Gloire. Bantu banafikiri unafungwa Ijumaa."

Nimesema ni programu inayofungwa. Amesema hakuna mahali nilipoandika programu. Niliandika msomaji. Msomaji wa kundi ni nani? Mimi. Aliyekuwepo anafungwa. Nani alikuwepo? Mimi. Na Mama Cikuru alipouliza miaka, nilimwambia mingapi?

Nimesoma ujumbe wangu upya. Mara tatu. Sarufi haina kosa hata moja. Tatizo liko kwa wapokeaji.

Gloire amesema jambo kwa Kiingereza, bila kuinua macho kwenye simu yake. Kwa maelezo ya mama yake, maana yake ni kwamba ningeandika tu "app" mambo haya yote yasingetokea. Ana miaka kumi na mitano na hajawahi kufanya kazi redioni.

Précieuse ametaka niandike leo hii kwamba ilikuwa simu, sio jela. Nimelitafakari. Nikiandika hivyo, swali la pili litakuwa: programu ya nini? Jibu: ya kusoma habari. Swali la tatu: na wale waandishi wako wa kila wilaya? Hyacinthe ndiye atakayeuliza. Atauliza kwa ile sauti.

Dionizi amesoma maelekezo ya sabuni ya kufulia. Amekula mara mbili.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mpango umepatikana. Nimeufikiria kwenye basi.

Ukweli kwanza. Taarifa yangu ya leo imesikilizwa na watu wengi kuliko nyingine yoyote. Walio Buffalo wameiomba irudiwe. Mzee mmoja wa Columbus amesema sauti yangu leo ilikuwa na uzito. Ilikuwa mafua. Hata hivyo msikilizaji ni msikilizaji.

Kwa hiyo sitakanusha. Wala sitathibitisha. Ijumaa nitanyamaza. Jumamosi nitaingia mkutanoni Reynoldsburg kwa miguu yangu, mtu huru. Nani atampa Hyacinthe kipaza sauti mbele ya mtu aliyetoka kule punde tu? Nimeandika kwenye kundi: "Kuhusu Ijumaa sitasema neno. Jumamosi, Mungu akipenda, tutaonana." Kila neno ni kweli. Ningeapa kwa neno lolote katika hayo mbele ya hakimu.

Précieuse amesema ninajitafutia mambo. Nimemwambia anahukumu kabla ya mwisho. Amesema mwisho yeye ameshauona, na Jumamosi atabaki nyumbani asije kuuona tena.

Lakini mtu huru anahitaji habari za kusoma siku ya Jumatatu. Utafutaji umeendelea. Programu ya pili: safi, haina mbuzi. Ila kila nikiifungua inaandika kwa rangi nyekundu idadi ya habari ambazo sijasoma. Asubuhi mia nne. Mchana mia sita na zaidi. Nimesoma mapumziko mazima bila kumeza chakula, idadi ikapanda. Nyumbani nina mke, mwenye nyumba na shule ya Gloire. Sihitaji mwingine wa kunikumbusha nisichofanya. Nimeifuta.

Programu ya tatu: bora kabisa. Inasoma kwa sauti. Inatamka Bukavu kama jina la dawa ya kikohozi. Nimeifuta.

Programu ya nne: inataka kwanza nichague ninachopenda kati ya mapishi, mitindo na fedha za kidijitali. Sikuchagua. Imechagua yenyewe. Mitindo.

Nyamweya amepiga kuuliza nimefikia wapi. Nimesema uchunguzi unaendelea. Amesema Jumamosi atakuwepo Reynoldsburg, Mama Cikuru amemwomba aje kurekebisha spika za ukumbi. Nimemwambia karibu sana. Sikuona tatizo.

Ijumaa, 18 Oktoba

Programu imefungwa saa sita mchana. Nilikuwa chooni kazini, ndiko mtandao unakoshika. Ukurasa umekuwa mweupe. Puto limetokea tena.

Asubuhi, kimya changu cha kwanza. Nimekaa jikoni, simu mkononi, mdomo nimefunga. Hyacinthe amesoma. Ameanza na filimbi. Filimbi! Halafu ametoa salamu kwa lugha nne, halafu hali ya hewa ya Kenmore, ambako theluji inatarajiwa, jambo ambalo si habari. Akafika kwenye barabara ya Uvira. Alikuwa na taarifa ya lori lililoziba njia tangu jana. Mimi sikuwa nayo. Nimeisikiliza mara mbili ili kutafuta kosa. Halikuwepo. Alipumzika kwenye kila kituo.

Tatizo dogo kazini. Mtu aliyefungwa hatakiwi kuonekana kwenye mkanda wa sita. Bagula ameniona akasimama, mikono juu ya kifurushi. Nimelazimika kusema kitu. Nimesema leo wameniruhusu kuja kazini. Bagula amefikiri. Kisha amesema Amerika ni nchi nyingine kabisa, hata wafungwa wanaandikisha saa ya kuingia kazini. Kabati langu alikuwa ameshalihamia. Koti langu nimelikuta limekunjwa vizuri juu ya pipa.

Jioni nimeandaa hotuba. Fupi. Neno "jela" halimo. Neno "uhuru" limo mara nne.

Dionizi ana gari na kesho atanipeleka. Amesema msomaji lazima awe karibu na kazi. Précieuse amefunga chakula cha njiani. Chake kimezidi changu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Matukio kwa mpangilio yalivyotokea.

Tumeondoka Louisville asubuhi, tumefika Reynoldsburg watu wakiwa wanapanga viti. Ukumbi ni wa kanisa, nyuma ya duka la matairi. Nilipoingia, viti viliacha kusogezwa. Nilikuwa nimevaa vile viatu visivyo na kamba. Mama mmoja aliviona akaziba mdomo kwa kitenge.

Mama Cikuru amenikumbatia mbele ya wote. Hyacinthe naye amenikumbatia, kwa muda uliozidi kiasi kidogo, akaniambia sikioni kwamba nimekonda. Nimempa mkono kama mtu aliyesamehe.

Ajenda ya kwanza: Taarifa ya Asubuhi. Mama Cikuru amesema swali ni moja, nani ataisoma kuanzia Jumatatu, kwa sababu watu hawataki kulala bila kujua nani atawaamsha. Ameniuliza kama nina neno.

Nimesimama. Nimetoa hotuba. Uhuru mara nne, kama ilivyopangwa. Nimesema nimerudi, na kwamba sauti haifungwi. Watu wamepiga makofi; ile miaka mitano hakuna aliyeitaja. Kisha Hyacinthe ameinua mkono. Ameuliza kwa upole mwingi sana ni kosa gani nililoshtakiwa, ili ndugu waweze kuomba kwa usahihi.

Sikuwa nimelitarajia swali hilo, lakini mwandishi haonyeshi. Nimesema:

"Nimekataa kutaja chanzo changu."

Nasisitiza: hiyo nayo ni kweli. Nimekataa kukitaja tangu Jumatatu.

Ukumbi umesimama. Wazee wamesimama! Mtu wa Buffalo, mtu wa Hyacinthe mwenyewe, amepanda kwenye kiti ili apige makofi kutoka juu. Mama Cikuru amefuta macho. Amesema basi jambo limekwisha, Taarifa ni ya Papa Gloire, na ameanza kuandika. Naandika hapa kwa kumbukumbu kwamba, kwa muda fulani, mpango ulikuwa umefaulu kabisa.

Nyamweya alikuwa amepiga magoti nyuma ya spika ya kushoto, na waya mdomoni. Alisikia jina langu. Alitoa ule waya. Spika ikaunguruma, na kipaza sauti kilichokuwa karibu naye kikawaka.

"Ala, mzee, uko? Ulipata app ingine ya kusomea news? Si ile yako walikuwa wanaifunga jana?"

Spika sasa zilikuwa nzima. Kila mtu alisikia, na waliokuwa nje kwenye moto wa nyama walisikia pia.

Aliyekuwa juu ya kiti alishuka. Nilitazama ukuta. Kuna saa ya ukutani pale, inachelewa.

Mama Cikuru ametoa simu yake kwenye mkoba, amevaa miwani, amesoma ujumbe wangu wa Jumatatu kuanzia mwanzo hadi jina. Neno "anafungwa" amelisoma mara mbili.

"Donc haikukuwa polisi," amesema. "Ilikuwa telefone."

Nimesema kisarufi ujumbe ulikuwa wazi. Amesema hakuna aliyeuliza sarufi. Ameuliza kama wale waandishi wa kila wilaya nao wako ndani ya telefone. Nimesema vyanzo hulindwa. Mzee mmoja amecheka mpaka ameomba maji. Nilimkumbuka gavana.

Hapo nilitarajia Hyacinthe aongee. Yeye alikuwa anatazama viatu vyake. Hilo nililiona, sikulielewa.

Mama Cikuru ametoa uamuzi akiwa amesimama. Hyacinthe atasoma Taarifa ya Asubuhi, kwa sababu ana sauti na hajafungwa. Lakini habari za Bulonza zilikuwa nzuri, hata kama zinatoka mfukoni, na umoja hautazipoteza. Akainua simu tena, akanielekezea.

"Uliandika weye mwenyewe. Wa kila siku. Wa bure. Asiye na matangazo. Hata pasipo mtandao. Bon, tumemupata. Ni weye. Utasoma na macho, utamutumia Hyacinthe, yeye atasoma na mdomo."

Makofi makubwa kuliko ya kwanza. Uamuzi umepita bila kura.

Nyama ilikuwa tayari. Dionizi amekula na Buffalo, amekula na Columbus. Mtu amempa kazi ya kusoma matangazo ya vifo na ndoa ya Louisville, kwa sababu aliomba nafasi kwa adabu na ana sauti inayofika. Ameniuliza kama lishe ya nyumbani kwangu itaendelea. Nimesema amuulize Précieuse.

Kwenye maegesho, wakati Dionizi akitafuta funguo, Hyacinthe amenijia. Amesimama upande, kama anasoma namba ya gari la mtu. Amesema taratibu, bila sauti ya tangazo, akiniita "ya", yaani kaka mkubwa:

"Ya Bulonza, mi natumia ile ya kidogo, ya rangi ya kijani. Zingine nilizijaribu zote. Hii haina hesabu, haina mbuzi. Inafanya hata kule chini kwa wazee, penye hakuna mtandao."

Nimemuuliza tangu lini. Amesema tangu zamani. Nimemuuliza kwa nini hakusema ndani. Amesema hakuna mtu aliyemuuliza yeye.

Kisha ametabasamu, na akaniambia atapenda kupata habari zangu kabla ya saa kumi na moja alfajiri, zikiwa fupi, na barabara ya Uvira iwe juu.

Jumapili, 20 Oktoba

Kanisani. Mchungaji Ruta amehubiri kuhusu maneno yenye maana mbili. Hakutaja jina. Alinitazama mara kadhaa, lakini nilikuwa nimekaa chini ya saa ya ukutani; huenda alitazama hiyo.

Soksi nimetaka kuzirudisha. Mama aliyezileta amekataa, amesema huenda nitazihitaji. Bagula amekataa kurudisha kabati. Amesema nilikubali Jumanne, na yeye husimama kwenye neno.

Précieuse anaimba tu jikoni tangu jana. Nyimbo za furaha.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimeiweka ile ya kijani. Kwa ajili ya uchunguzi tu.

Naandika matokeo bila upendeleo. Inafunguka haraka. Mpya juu, ya zamani chini. Haihesabu. Haijifunzi. Kwenye ghala, bila mtandao, habari zote zilikuwepo, hata lori la Uvira, ambalo sasa limeondolewa. Nimesoma mapumziko mazima na bado nimekula. Nimekuwa nikitafuta kitu hiki wiki nzima. Kinaendana na mazoea yangu kama viatu vya Bagula.

Haiwezekani niitumie.

Mtu akijua kwamba mimi na Hyacinthe tunasoma kutoka mahali pamoja, atauliza umoja unanihitaji mimi wa nini. Hata Hyacinthe ataliuliza, akishaamka vizuri. Leo alfajiri nimemtumia habari nane. Amejibu kwamba sita alikuwa nazo. Kisha amesoma kumi na moja, zangu nane na tatu zake, na filimbi, na mwisho akashukuru "chanzo chetu cha Louisville". Chanzo! Nilisikiliza hadi mwisho. Nilitaka kujua kama atataja jina. Vyanzo hulindwa.

Nimempigia Nyamweya, ambaye ameomba msamaha kwa mara ya tatu. Nimemwambia yamepita, nataka kitu ambacho Hyacinthe hana. Amefikiri. Amesema njia ipo: niwe na programu yangu mwenyewe, iliyosimikwa kwenye server yangu mwenyewe, inakusanya habari usiku kucha ninapolala. Hapo tovuti zitakuwa mia, si arobaini kama kwenye programu za bure, na hakuna kampuni itakayonitumia puto. Amesema zinapatikana za bei rahisi, ila nichague kwa makini, na akaniomba, tafadhali, safari hii nisiandike kwenye group.

Nimemwelewa. Kosa la wiki iliyopita lilikuwa moja: ujumbe ulikuwa na mambo mengi mno. Safari hii nimeandika machache. Server nimeitafsiri kwanza, kwa sababu neno la kwetu lipo na ni zuri. Nilitaka Précieuse ausome kwanza, lakini alikuwa kazini. Nimeutuma hivi:

"Natafuta mtumishi. Awe wa bei nafuu. Awe macho usiku na mchana. Nataka awe wangu peke yangu, sio wa kushirikiana na watu wengine. Waliopo siwaamini. Bulonza."

Safari hii majibu yamekuja mara moja. Mchungaji Ruta ameandika wa kwanza, mstari mmoja, kwamba amesoma, na kwamba yeye na wazee wote wa kanisa watafika nyumbani kwangu kuzungumzia jambo hilo ana kwa ana. Sikujua kwamba mchungaji anafahamu mambo ya kompyuta, achilia mbali wazee wote. Nimemjibu karibu, waje na vielelezo.

Ni keshokutwa, Jumatano, saa kumi na mbili jioni. Dionizi amesema atakuwepo.